KAPOMBE KAISHA? TULISHASEMA HIVYO 2016, TUKARUDIA 2018

Leo siasa nimeiweka pembeni, tuongee mpira. Ila mkisoma mpaka chini mtakutana na hela na mikataba, maana hapa Bongo hakuna jambo linaloyakwepa hayo mawili.

Kijiweni kwetu Tandika kuna ubishi mmoja hauishi. Msimu mzima wa 2024/25, kila Simba ilipodondosha pointi, ulikuwa unafufuka. Tuna jamaa yetu muuza mitumba, Simba lialia. Akiona krosi moja tu imepita upande wa kulia, anaanza: "Kapombe kaisha! Miguu ile imekula chumvi, wamwache akalee watoto." Mzee wa kahawa, ambaye ni Yanga, anamuunga mkono kwa furaha zake mwenyewe. Mi nilikuwa nabisha peke yangu, na pale kijiweni mshindi ni mwenye sauti kubwa, kwa hiyo nikawa nashindwa kila siku. Huku hakuna wa kunizidi sauti, basi nisikilizeni.

Swali lenyewe ni hili: beki wa pembeni, mtu ambaye riziki yake ni kukimbia, akishazeeka kimpira halafu akaumia vibaya, anaweza kurudi? Nasema kurudi kweli, acheza dakika 90 na timu imtegemee. Siyo kurudi kukaa benchi na kutokea kwenye picha ya kikosi.

Nianze na usiku mmoja wengi wenu mnaukumbuka. Tarehe 6 Agosti 2025, uwanja wa Mkapa, hapa hapa Temeke, Taifa Stars na Mauritania kwenye CHAN. Nilikuwa mzunguko na jamaa huyo huyo wa mitumba. Mechi ngumu, bila bila, watu wameshaanza kuangalia saa na kupigia hesabu daladala za kurudi. Dakika ya 89 namba mbili wa Tanzania yuko ndani ya boksi la wapinzani, eneo ambalo beki mwenye akili ya kuogopa hawezi kuwepo dakika hiyo. Shomari Kapombe, bao, 1-0. Jamaa yangu alimkumbatia mtu asiyemjua mpaka wakaanguka wote kwenye viti.

Kapombe kazaliwa 28 Januari 1992. Usiku ule alikuwa na miaka 33 na nusu. Na huo siyo mwili ambao haujawahi kuguswa, wadau. Huo mwili una historia.

Turudi nyuma kidogo. Kapombe ni kijana wa Morogoro. Simba walimchukua 2011, 2013 akaenda Ufaransa AS Cannes, akarudi nyumbani kuichezea Azam pale Chamazi. Msimu wa 2015/16 alikuwa moto kweli kweli, beki anafunga kama mshambuliaji. Halafu ghafla, mwaka 2016, akasimama. Watu wa mtaani tukasikia "mapafu". Damu ilikuwa imeganda kwenye mapafu. Akapelekwa Afrika Kusini kutibiwa na msimu wake ukaishia hapo.

Ngoja nielezee hili maana wengi tulilichukulia kama homa. Damu mara nyingi huanza kuganda kwenye mishipa ya miguu, kipande kikakatika, kikasafiri mpaka kwenye mapafu na kuziba njia. Watu wanakufa kwa kitu hicho. Na hata ukipona unawekwa kwenye dawa za kufanya damu iwe nyepesi kwa miezi, na ukiwa kwenye dawa hizo mpira haufai, kwa sababu kiwiko kimoja cha kichwa kinaweza kukumwagisha damu isiyokatika. Maana yake mchezaji anaweza kujisikia mzima kabisa, anakimbia, anaruka, lakini haruhusiwi kugusana na mtu. Wakati ule kijiweni (mi bado nilikuwa dogo, nasikiliza tu) wakubwa walitoa hukumu: ndo basi tena. Alikuwa na miaka 24.

Akarudi. 2017 akahamia Simba, akaanza kwa kukaa nje tena na majeraha, halafu akaingia kikosini na Simba ikachukua ubingwa 2017/18. Novemba 2018 Taifa Stars wanaweka kambi Afrika Kusini kujiandaa na mechi ya Lesotho, Kapombe anaumia kifundo cha mguu. Wengi tunaita enka. Akafanyiwa upasuaji. Simba ikabidi ikimbie sokoni kumleta Zana Coulibaly kuziba pengo, na ndiye aliyecheza namba mbili wakati Simba inafika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika msimu ule wa 2018/19. AFCON ya 2019 kule Misri, ambayo Tanzania tuliingojea miaka 39, Kapombe hakuicheza. Fikiria hiyo. Umri wa miaka 26, kifundo kimefunguliwa, timu imeshasajili mtu wa nafasi yako, na taifa zima linakwenda sherehe ambayo umeisubiri maisha yako yote, wewe unaangalia kwenye TV.

Kwa hiyo tukasema tena: kaisha.

Kuanzia hapo mambo yalivyokwenda mnayajua. Akaichukua nafasi yake, Zana akaondoka. Ubingwa wa 2019/20 na 2020/21 yumo. Tarehe 17 Aprili 2022, robo fainali ya Kombe la Shirikisho na Orlando Pirates pale Mkapa, penalti inatoka na anayekwenda kuipiga ni beki Kapombe, Simba 1-0. (Marudiano tulitolewa kwa matuta kule Afrika Kusini, hilo tusiliongelee leo.) Mei 2025 Simba inafika fainali ya Shirikisho na RS Berkane, na Kapombe bado yumo kikosini. Hesabu miaka kutoka 2018 mpaka hapo.

Sasa jamaa wa mitumba nilipomwekea hesabu hii akaniambia kitu ambacho kilinifanya nifikiri sana: "Sawa, lakini yule wa Azam hakurudi."

Na hapo ana pointi, tusimuonee. Kapombe wa Azam alikuwa anapanda kwa kila mpira. Winga akipokea, yeye ameshampita nje, krosi, anarudi mbio, anapanda tena. Kapombe wa 2024/25 ukimwangalia vizuri, acha kufuata mpira na mwangalie yeye peke yake kwa dakika kumi, utaona anapanda mara chache. Anamwacha winga apambane. Anaingia ndani kidogo, anapiga pasi mapema, anajua winga wa wapinzani akiuvuta mpira kwenye mguu fulani anataka kwenda wapi, kwa hiyo anaanza kukimbia kabla ya mwenzake. Hiyo hatua mbili za kuanza mapema ndiyo mbadala wa mbio alizopoteza. Na zile mbio chache zilizobaki anazitunza mpaka dakika kama ya 89 na Mauritania. Wapinzani walishazoea kwamba huyu mzee hapandi tena.

Kwa hiyo jibu langu la kwanza ni kwamba mkimbiaji aliyezeeka anarudi, ila anarudi mtu mwingine. Anayerudi akitaka kucheza kama zamani ndiye anayeumia tena.

Sababu iko kwenye mwili wenyewe. Beki wa pembeni anakimbia kilomita 10 hivi kwa mechi, lakini hizo kilomita siyo tatizo, hata mimi na kitambi changu kinachoanza naweza kutembea kilomita 10. Tatizo ni zile mbio fupi za nguvu zote, mita 20, mita 30, simama ghafla, geuka. Hizo zinatumia nyuzi za msuli zile za kasi, na zenyewe ndizo umri unazianza mapema. Kuanzia kwenye miaka 30 hivi zinapungua, na kano zinakuwa ngumu, hazivutiki kama zamani. Halafu kuna jambo ambalo madaktari wa michezo wanalirudia sana: kinachotabiri kuumia kwa kesho ni kuumia kwa jana. Ukishachana nyama za paja mara moja, paja hilo hilo linakudai. Sasa mtu wa miaka 31 ana mizigo miwili, umri na deni la zamani.

Ndiyo maana siyo haki kumlinganisha kila mtu na Samatta. Mbwana wetu wa Mbagala aliumia goti akiwa Genk Novemba 2017, akakaa nje, akarudi, na msimu wa 2018/19 akapiga mabao 23 ya ligi, Genk wakachukua ubingwa wa Ubelgiji, na yeye akabeba Kiatu cha Ebony. Safi kabisa. Lakini alipoumia alikuwa na miaka 24. Goti la miaka 24 na goti la miaka 31 ni vitu viwili.

Wa kulinganisha naye ni John Bocco. Bocco alikuwa mfungaji bora wa ligi 2011/12 akiwa Azam, mabao 19. Katikati hapo majeraha yakamtoa nje mara kadhaa, watu wakamzika mara kadhaa. Msimu wa 2020/21, akiwa Simba na miaka 31, akawa mfungaji bora tena kwa mabao 16. Miaka 9 kati ya kiatu na kiatu! Halafu msimu uliofuata mabao yakapungua sana, kelele zikaanza, baadaye akaamka tena kidogo, na 2024 akaondoka Msimbazi kwenda JKT Tanzania. Hiyo ndo sura halisi ya kurudi kwa mzee. Inapanda na kushuka. Ukitaka mstari ulionyooka subiri damu changa.

Na Bocco ni mshambuliaji, anaweza kujificha. Namba tisa mzee anasimama ndani ya boksi, dakika 80 hajaonekana, mpira mmoja, bao, magazeti yote. Namba mbili hana pa kujificha. Winga wa miaka 20 akikupita mara moja, uwanja mzima umeona, na jamaa wa mitumba ameona.

Ngoja niwapeleke Marekani kidogo, kwa sababu kule kuna kazi moja inayofanana sana na hii. Wana ule mpira wao wa kubeba mkononi na kuvaa helmeti, na kuna mchezaji ambaye kazi yake ni kupewa mpira na kukimbia nao kuingia kwenye ukuta wa majitu. Kule inajulikana kabisa, mkimbiaji akifika 30 klabu inaanza kutafuta mwingine, wala hawaoni aibu. Adrian Peterson wa Minnesota Vikings alikatika kano ya goti tarehe 24 Desemba 2011. Msimu wa 2012 akarudi akakimbia yadi 2,097, zilibaki 9 tu avunje rekodi ya msimu mmoja, na akachaguliwa mchezaji bora wa ligi nzima. Mi nilipigia hesabu hizo yadi nikacheka. Ni kama kilomita 1.9 kwa msimu mzima! Kapombe anazimaliza kabla ya nusu saa ya mechi moja. Lakini kila mita ya Peterson kuna mtu wa kilo 120 anakuja kumvunja, tusidharau.

Ila Peterson alipoumia goti alikuwa na miaka 26. 2015, akiwa na 30, bado aliongoza ligi kwa kukimbia. 2016, na 31, goti tena, na kuanzia hapo akawa mtu wa kuhamahama timu. Anayenivutia zaidi mimi ni Frank Gore. Huyu alikatika kano za magoti yote mawili akiwa bado chuoni, hajalipwa hata senti ya kazi. Akacheza misimu 16 mpaka ana miaka 37, jumla yadi 16,000. Watu wanaomjua mchezo ule wanasema hakuwa na kasi ya kutisha hata alipokuwa kijana. Alikuwa anaona mwanya kabla haujafunguka. Asiyeishi kwa kasi haimuumi sana kasi ikiondoka.

Kwa upande wa kifundo, nikikumbuka enka ya Kapombe namkumbuka Santi Cazorla wa Arsenal. Oktoba 2016 anatoka uwanjani, anafanyiwa upasuaji juu ya upasuaji, wadudu wanaingia kwenye kidonda na kula sentimita 8 za kano ya kisigino. Walikata ngozi ya mkono wake wenye tatuu wakaipandikiza mguuni. Alirudi uwanjani 2018 na Villarreal, ana miaka 33, na 2019 akaitwa tena timu ya taifa ya Hispania. Alikaa nje karibu miaka miwili. Miaka miwili, wadau, anatibiwa, ana mtaalamu wa viungo, anakula vizuri, nyumba ipo.

Na hapa ndipo nilipokuwa nataka kuwafikisha. Kijiweni tunabishana umri, umri, umri. Mi naona umri ni nusu tu ya hadithi. Nusu nyingine ni nani anakulipia muda wa kupona.

Kano ya goti ikikatika na kuunganishwa, madaktari wanashauri usirudi mechini kabla ya miezi 9, na mzee anahitaji zaidi. Miezi 9 bila kazi. Kwa mchezaji mwenye mkataba hilo linawezekana: kwa taratibu za FIFA kuumia peke yake siyo sababu halali ya klabu kuvunja mkataba. Na tangu 2012 FIFA wana mpango wa kuzilinda klabu: mchezaji akiumia akiwa na timu ya taifa na kukaa nje zaidi ya siku 28, klabu inaweza kurudishiwa mshahara wake. Yaani kule juu walishajua kwamba goti linaponywa na kisu pamoja na mshahara.

Ila hata huko juu nafasi haisubiri. Angalia Yanga. Yao Kouassi, beki wa kulia, mtu wa kupanda na kushuka kama treni, aliumia goti mwishoni mwa 2024. Desemba hiyo hiyo Yanga wakamleta Israel Mwenda kutoka Singida Black Stars. Mwenda yupi? Yule yule aliyekaa Simba misimu mitatu akisubiri Kapombe achoke! Kapombe hakuchoka, Mwenda akaondoka, na mlango ukamfungukia Jangwani kwa goti la mtu mwingine. Mpira una vituko.

Sasa shuka chini kidogo, njoo mchangani.

Kaka yangu mkubwa alikuwa namba mbili. Nasema hivi bila undugu: alikuwa anajua. Ndondo zote za huku kwetu walikuwa wanamfuata, uwanja wa Bandari kakanyaga, mpaka kule Kinesi alishaenda kukodishwa. Analipwa kwa mechi, mfukoni, jioni hiyo hiyo. Mwaka 2019 kwenye mechi moja ya kawaida kabisa, mvua ilikuwa imenyesha, akasimamisha mguu wa kulia ili ageuke, mwili ukageuka goti likabaki. Nilikuwa nyuma ya goli. Nilisikia sauti kama kijiti kikavu. Alikuwa na miaka 29, mitatu zaidi ya Kapombe alipoumia kule Afrika Kusini.

Timu ilimpa elfu ishirini na kumwambia pole. Siwataji, na kwa kweli hata wao hawakuwa na hela, ilikuwa michango ya mtaa. Nyumbani mama alimkanda na maji ya chumvi asubuhi na jioni. Akaja mzee mmoja fundi wa kuchua, akachua, kaka analia. Kwenye hospitali tuliyokwenda wakasema apige kipimo cha MRI kwanza ndio waone kama ni kano, na bei ilikuwa laki kadhaa. Tukarudi nyumbani kujipanga. Kujipanga kwenyewe mnakujua.

Wiki ya tano uvimbe umeshuka, anatembea vizuri, simu inaita, kuna mechi. Akafunga bandeji ya kubana akaenda. Nikamwambia, Bro, subiri kwanza. Akaniuliza, "Nasubiri nakula nini?" Mechi ya kwanza akacheza vizuri mpaka nikajiona mjinga. Ya pili vizuri. Ya tatu dakika za mwanzo tu goti likaachia, bila kuguswa na mtu.

Siku hizi anaendesha bodaboda. Breki ya nyuma ya pikipiki iko mguu wa kulia, wenye Boxer mnajua, kwa hiyo kila akisimama kwenye taa pale Tazara goti linamkumbusha.

Nikiwaweka pamoja, Kapombe na kaka, kazi yao ilikuwa moja na wote waliumia wakiwa kwenye ubora wao. Mmoja alikaa nje mpaka akapona, nafasi ikazibwa na Zana, na mlango ukabaki wazi. Mwingine alikuwa na wiki tano. Ukiniuliza mkimbiaji mzee anaweza kurudi nakuuliza kwanza, ana mkataba? Na ukiwa nao, unadumu zaidi ya miezi unayohitaji kupona? Maana huku kwetu mikataba mingi ni ya mwaka mmoja au miwili, mtu akiumia Januari na mkataba unaisha Juni, klabu haihitaji kuvunja chochote. Inakaa kimya tu Juni ifike. Wachezaji waliovuka 30 ndio wanaopewa hiyo ya mwaka mmoja, halafu tunashangaa kwamba wanacheza na maumivu na kuficha. Nani atasema paja linauma mwezi wa nne wakati mkataba unaisha mwezi wa sita?

Ndondo nako kunahitaji kitu. Watu wanajaa, viingilio au michango inakusanywa, washindi wanapewa hela na jezi, yote safi, nazipenda mechi zile kuliko ligi yenyewe. Lakini kwenye kila mechi itengwe hela kidogo ya kipimo na ya mtaalamu wa viungo, iwekwe wazi kwa daftari, wasimamie watu wa mtaa wanaoaminika. Haitalipa upasuaji wa kila mtu. Ingetosha kumwambia kijana wiki ya kwanza kwamba hii ni kano, kaa chini, usidanganywe na uvimbe kushuka. Kaka hakujua. Alidhani amepona kwa sababu hakuwa na mtu wa kumwambia hajapona.

Kuhusu Kapombe, msimamo wangu ni kwamba mtu aliyetoka kwenye mapafu yaliyoziba na kifundo kilichofunguliwa, akafunga bao la taifa dakika ya 89 na miaka 33, ameshatoka kwenye kundi la watu wa kuhukumiwa kwa krosi moja. Ila nikiwa mkweli, akiumia tena vibaya katika umri huo, sitegemei arudi kuwa namba mbili wa kupanda na kushuka. Labda arudi katikati ya mabeki, alishacheza huko akiwa kijana, au kiungo wa chini, ambako hatua mbili za akili zinatosha. Kocha atakayemrudisha kwenye mstari wa pembeni ili akimbizane na vijana wa miaka 20 atakuwa anamtafutia aibu.

Jamaa wa mitumba siku ile ya Mauritania, tumeshatoka uwanjani, tunatembea kwa miguu kuelekea Tandika kwa sababu daladala zilikuwa zimejaa mpaka mlangoni, nikamuuliza: haya, nani kaisha? Akanyamaza mpaka tumefika Temeke Hospitali. Halafu akasema yeye alimaanisha Kapombe wa zamani ndiye kaisha, huyu mpya hana neno naye.

Haya wadau, wana Simba na wana Yanga, uwanja ni wenu. Na kama wewe mwenyewe una goti lako, weka hapo chini: uliumia na miaka mingapi, ulikaa nje muda gani, na nani alikuwa analipa kodi ya chumba muda huo?